Sanduku la huduma ya kwanza la gari halitoshi botini

Ndugu, umeuliza kama sanduku la gari linatosha botini. Kwa maoni yangu, halitoshi. Garini msaada huwa karibu. Majini unaweza kukaa saa nyingi na mgonjwa wako.

Anza na sanduku lenyewe: lisiingize maji, kifuniko chake kiwe na mpira wa kuziba. Hewa ya chumvi hula mikasi na plasta hupoteza gundi, kwa hiyo funga kila kitu tena kwenye mifuko ya plastiki. Weka shashi na bandeji pana kwa wingi, maana damu nyingi ndiyo hatari ya haraka. Glavu pia.

Kisha koleo la kukatia waya. Wengi hulisahau! Ndoano ikizama kidoleni, usiivute kinyumenyume, kijino chake (kile kincha kidogo kinachoelekea nyuma) kitachana nyama. Ikiwa haijaingia ndani sana, isukume mbele mpaka kijino kitokeze, kikate, ndipo uirudishe. Ikiwa jichoni au karibu nalo, usiiguse kabisa, rudi pwani.

Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Na tafadhali, usilifungie sanduku kwa kufuli. Kila anayepanda aonyeshwe lilipo, kwani huenda atakayeumia ni nahodha mwenyewe.