Maswali ya Wasomaji: Gari Linashtuka Mlimani na Kugonga Kwenye Kona

SWALI: Ndugu fundi, gari langu ni la petroli, lina gia otomatiki na huvutwa na magurudumu ya mbele. Ninapokanyaga mafuta kupanda mlima hushtukashtuka kama lina kwikwi, na nikikata kona kali husikika mlio wa ka-ka-ka mbele upande wa kushoto. Taa ya injini nayo imewaka. Fundi wangu anasema giaboksi imekufa, ibadilishwe. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali kwanza, ndugu msomaji. Giaboksi inayokufa kwa kawaida huchelewa kushika gia, au mshale wa mizunguko ya injini hupanda bila mwendo kuongezeka, na wewe hukutaja lolote kati ya hayo. Ninavyoona, gari lako lina hitilafu mbili zisizohusiana, na kuzichanganya ndiko kunakozaa gharama kubwa.

Kushtuka mlimani ni dalili ya kumisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta ipasavyo. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka na plagi huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili itoe cheche. Koili (kifaa kinachoipatia plagi umeme huo) iliyochoka, ambayo ilijikongoja vizuri tu kwenye tambarare, hushindwa hapo. Mwombe fundi asome kompyuta ya gari kabla hajafungua nati yoyote. Kompyuta hiyo hutoa namba ya hitilafu: P0300 humaanisha kwamba kumisi hakuna silinda maalumu, ilhali P0303 huelekeza silinda ya tatu. Ikiwa kila plagi ina koili yake, injini izimwe, koili ya silinda ya tatu ibadilishane nafasi na ya silinda ya kwanza, namba ifutwe, kisha mpande mlima uleule. Namba ikigeuka kuwa P0301, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, chunguzeni plagi, nozeli (inayopuliza mafuta) na mgandamizo wa silinda hiyo. Jaribio hili halihitaji kununua kipuri chochote, na ninashangaa kwamba mafundi wengi hulikwepa. Taa hiyo ikianza kumweka badala ya kuwaka tu, punguza mafuta na usilazimishe safari, kwa sababu petroli isiyoungua huingia kwenye bomba la moshi na kuunguza kichujio chake, ambacho ni ghali.

Mlio wa kwenye kona karibu kila mara hutoka kwenye jointi ya nje ya drafshafti, yaani ekseli inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele. Zungusha usukani hadi mwisho, chungulia nyuma ya gurudumu na utazame mpira wenye mikunjo unaofunika jointi hiyo: ukiwa umechanika, utaona grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu. Mpira uliochanika kabla ya mlio kuanza hubadilishwa peke yake baada ya jointi kusafishwa na kutiwa grisi mpya, lakini kwa kuwa yako tayari inalia, mchanga umekwisha kuila na mpira mpya hautaiponya. Badilisha jointi nzima, kwani ikivunjika njiani injini itanguruma na gari halitasogea.