Unakimbia kila Jumamosi na kitambi kipo palepale? Soma hapa

Mkuu, umeuliza kama uache ugali kabisa au uongeze kilomita, maana klabu ya jogging hukosi na mzani hausogei. Mimi nilifika kilo 97, sasa nina 81 na miaka inapita hazijarudi. Ugali nakula.

Tuanze na hiyo Jumamosi yenyewe. Jogging za Dar nazijua: mnakimbia, mnaimba, mnapiga picha, kisha wote mnaishia kwenye supu. Mtu wa kilo 90 akikimbia kilomita 5 anachoma kalori 400 na kitu. Chapati moja ya mafuta ina kama 250 hadi 300, inategemea mkono wa mpishi. Kula mbili, shushia soda ya mililita 350 ambayo ni kama 150 nyingine, tayari umerudisha zote na chenji juu. Supu yenyewe hatujaihesabu. Mzani unauonea bure.

Kilo zangu nyingi zimeishia jikoni, hasa kwenye mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula ni karibu kalori 120, na kwetu yalikuwa yanamiminwa kwenye sufuria moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mke wangu alibisha kwelikweli, akasema mchuzi usioelea mafuta ni wa wodini. Mwisho tukaelewana: vijiko vitatu kwa sufuria ya watu watano. Kitunguu anakikaanga kwa moto mdogo hadi kiwe cha kahawia, anatia tangawizi na vitunguu saumu, halafu nyanya anazifunika ziive kwa maji yake zenyewe. Shemeji zangu wamekuja, wamekula, wameongeza. Hakuna aliyeuliza mafuta yako wapi.

Kwenye sahani, nusu ni mchicha au matembele, upande mmoja maharage au samaki, ugali ukubwa wa ngumi. Chai bila sukari wiki za mwanzo ni adhabu, ulimi unazoea. Shirika la Afya Duniani linasema ukishusha sukari ya kuongezwa hadi gramu 25 hivi kwa siku, vijiko sita vya chai, ndiyo bora zaidi. Hiyo soda moja tu imeshapitiliza.

Sasa usije ukasema nimekuambia uache kukimbia. Ukipungua, mwili mdogo unatumia nishati kidogo kuliko ule wa zamani, na ukijinyima tu bila mazoezi, misuli nayo inaondoka. Wengi wanarudi walikotoka hapo. Shirika hilohilo linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho, na mazoezi ya misuli siku mbili. Jumamosi peke yake haitoshi. Mimi jioni nashuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu, natembea kwa kasi. Pushapu na kuchuchumaa nafanyia sebuleni, watoto wakinicheka.

Chai za kukata tumbo achana nazo, nyingi zinakuharisha tu na kinachotoka ni maji.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na upitishe futi kiunoni. Ila kama unachoma insulini au unameza dawa za kisukari, muone daktari kabla hujapunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa barabarani.