Halmashauri ya Uingereza imekunyima Housing Benefit? Wahi kupinga
Pole sana dada. Hiyo barua ya halmashauri ya kukunyima Housing Benefit, yaani msaada wa kulipia pango, unaweza kuipinga, ila wahi. Angalia tarehe iliyoandikwa juu: una mwezi mmoja tu kuanzia hapo. Waandikie waangalie upya uamuzi, au kata rufaa moja kwa moja. Unaipeleka kwa halmashauri hiyohiyo, nao wanapaswa kuifikisha kwenye baraza huru. Hulipi chochote. Kama hawakueleza vizuri kwa nini wamekukatalia, waombe sababu kwa maandishi. Na tafadhali usiishie kwenye simu! Andika, ubaki na nakala. Ila kama pesa yako ya pango iko ndani ya Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), kwanza omba uamuzi uangaliwe upya, ndipo ukate rufaa.