Kabla Hujanunua Bunduki Texas: Majibu kwa Mnaoniuliza "Kaka, Nichukue Ipi?"

Jumamosi iliyopita nilishika nafasi ya pili kwenye shindano la klabu yetu, kundi la bastola za risasi ndogo za .22, na kwa kuwa mimi si malaika nikaiweka picha kwenye status. Tangu hapo simu haijapoa. Nusu ya wanaonitafuta ni Watanzania na Wakenya wa hapa Dallas na Fort Worth, swali lao moja: "Kaka, nataka ya kujifunzia shabaha na ya kulinda nyumba, nichukue ipi?" Nusu nyingine ni wale wale walioniita kauboi wa Manzese kwenye grupu miaka yote hii. Leo nao wanataka ushauri. Haya, nitawapa, ila kwanza mtanisikiliza.

Bunduki sikujifunzia Marekani. Mimi ni wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, mujibu wa sheria, wale wa mwisho mwisho kabla serikali haijausimamisha mpango ule mwaka 1994. Kambi ya Mafinga, baridi ya kukata vidole, SMG begani, na afande mmoja mpole ambaye hakuwa akifoka kama wenzake. Yeye alikuwa anaweka kisoda cha soda juu ya mtutu, karibu na ncha ya kulengea, anahakikisha chemba ni tupu, halafu anasema, "Fyatua." Kisoda kikidondoka, unarudia. Nimerudia mpaka mikono ikafa ganzi. Siku ya renji, yaani uwanja wa shabaha, tulipewa risasi za kuhesabu, lakini matundu yangu kwenye karatasi uliweza kuyafunika yote kwa kiganja. Afande aliyatazama, akanitazama, akaniambia niende nikachote maji. Kwa wanaoijua JKT, hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nikaja Texas, nikapata grini kadi, nikaingia duka la silaha. Kijana wa kaunta akaniuliza kama nimewahi kushika bunduki, na kabla sijajibu akaanza kunieleza risasi inatokea upande gani. Aliongea polepole, kwa sauti ya juu, kama watu wanavyomfanyia mgeni mwenye lafudhi. Inaniuma mpaka leo. Nilimwachia hela za bure? Sikumwachia hata senti. Niliondoka nikaenda duka jingine, la mzee mmoja ambaye alinyamaza akaniacha nishike, nipime, niulize. Huo uchukueni kama ushauri wa kwanza: ukiona muuzaji anaongea kuliko mnunuzi, toka.

Kigezo changu cha kuchagua ni kimoja, na mengine yote yanatoka humo: nunua bunduki ambayo utaweza kuilisha risasi kila wiki. Watu wetu wananunua kwa macho. Wameona sinema, wanataka kitu kikubwa cheusi chenye mitambo. Wanakipeleka renji mara moja, wanagundua boksi la risasi limekula hela ya mboga, kitu kinarudi kabatini na hakitoki tena. Huyo hana silaha. Ana chuma.

Ndiyo maana kwa shabaha nasema .22 na sitabadilika. Risasi moja ya .22 kwa bei za karibuni ni senti kama 7 hadi 10 za dola. Ya 9mm, iliyo kubwa zaidi, ni mara tatu ya hapo, pengine zaidi. Kwa hela ile ile mwenzako anafyatua mara 50, wewe unafyatua mara 150, na mkono hujifunza kwa kurudia tu. Tena .22 haina teke la maana, ule msukumo wa nyuma bunduki inapofyatuka. Mtu anayeanzia kwenye bunduki yenye teke anajifunza kuogopa: anafumba macho na kuubana mkono sekunde moja kabla ya mlio, na tabia hiyo kuitoa baadaye ni kazi ya miaka. Bunduki ndefu ya Ruger 10/22, ambayo imetengenezwa tangu 1964, ndiyo nimewaanzishia watu wengi hapa, wakiwemo mashemeji zangu wawili. Vipuri vyake viko kila mahali na fundi yeyote anaijua. Kwa bastola, mimi ninatumia Ruger Mark IV. Unabonyeza kitufe kimoja nyuma inafunguka, unasafisha, unafunga. Zile za zamani za ukoo huo kuzirudishia baada ya kusafisha ilikuwa mtihani, waulizeni waliozimiliki.

Mnaotaka kushindana, tafuteni klabu inayopiga mtindo wa Steel Challenge. Mbele yako kuna sahani tano za chuma, kipima muda kinalia, unazigonga zote, ya kumalizia ni ile waliyokupangia iwe ya mwisho. Kwa kawaida unapiga raundi tano na ile ya polepole kuliko zote inafutwa. Wenye .22 hawachomoi kwenye mkoba wa kiunoni. Wanaanza wameelekeza mtutu kwenye alama iliyowekwa chini mbele yao, kwa hiyo hata mgeni anaruhusiwa bila wasiwasi. Raha yake ni mlio: ukipata, chuma kinakuambia pale pale. Nilipoanza kwenda, baba mmoja alinikuta nakusanya maganda yangu akadhani nimeajiriwa kufagia. Jumamosi ile iliyopita alikuwa nyuma yangu kwenye matokeo. Sikumwambia kitu. Nilimpa mkono.

Turudi kwenye nyumba, maana hapo ndipo mnakosea pakubwa. Kwanza sahauni nyumba za kwetu. Nyumba ya Tanzania ni tofali na nondo. Nyumba ya Texas ni mbao na jipsamu, ukuta ambao mtoto anautoboa kwa goti. Risasi ya 9mm itapita chumba hadi chumba, na ukikosa itaingia kwa jirani. Zile zenye kichwa chenye shimo hupanuka zikiingia mwilini na hivyo haziendi mbali sana zikikipata ulichokilenga, lakini ukutani bado zinapita. Gololi za shotigani, ile bunduki inayomwaga gololi nyingi kwa mpigo mmoja, nazo zinapita. Anayekaa apatimenti ghorofa ya pili, huku na huku watu, ajiulize kabla ya kununua chochote: kitanda cha mtoto wa jirani kiko upande gani? Mimi nimetembea nyumba yangu yote mchana, nikasimama pale ambapo ningesimama usiku, nikaangalia nyuma ya kila mlango kuna nini. Zipo pembe mbili ambazo nimeamua sitafyatua kuelekea huko hata iweje, na mke wangu anazijua.

Pili, bunduki ya nyumbani si yako. Ni ya yule anayebaki nyumbani. Mimi ni dereva wa lori, wiki nzima nalala njiani. Anayebaki na watoto ni mama watoto. Sasa ningenunua shotigani ya geji 12, ile ya mtutu mpana na teke kali, kwa sababu mimi naipenda, ingemsaidia nini yeye? Basi tukaenda wote renji yenye bastola za kukodi, unalipa kiingilio unajaribu moja baada ya nyingine. Muuzaji wa pale, badala ya kumuuliza mwenyewe, akaniuliza mimi, "She" anataka nini, kisha akamletea rivolva ndogo nyepesi ya .38, mpini wa rangi ya waridi. Ya akina mama, akasema. Mke wangu alifyatua mara moja, akaiweka mezani, akanigeukia: "Hii imenikasirikia." Yuko sahihi. Bastola ikiwa nyepesi teke lake linaongezeka, kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza. Kumpa mwanamke anayeanza kidude kama kile ni kumfundisha kuichukia shabaha siku ya kwanza.

Tukajaribu Glock 19, ambayo ni nzuri na ndiyo ninayowasifia watu wengi, lakini kuivuta slaidi, ile sehemu ya juu, ilimpa shida baada ya zamu ya usiku ya kuinua wagonjwa. Mwisho akashika Smith & Wesson Shield EZ ya 9mm, iliyotengenezwa makusudi ili slaidi ivutike kwa urahisi. Akaivuta kama anafungua droo ya jikoni. Akapiga, akapiga tena, akaomba boksi jingine. Nilijua biashara imekwisha, na nilijua pia kwamba siku zijazo sitakuwa bingwa peke yangu pale nyumbani.

Shotigani siikatai. Mossberg 500, ipo sokoni tangu 1961, bei yake haiumizi, na kitufe chake cha usalama kiko juu nyuma, anayetumia mkono wa kushoto na wa kulia wote wanakifikia kwa kidole gumba. Ukiwa mwembamba au bega linakusumbua chukua geji 20, yenye mtutu mwembamba na teke dogo, hakuna atakayekucheka, na akikucheka mpe yeye geji 12 afyatue boksi zima. Lakini mniondolee ile hadithi kwamba shotigani huhitaji kulenga. Ndani ya nyumba, hatua chache, gololi bado zimeshikana kwenye upana wa ngumi. Lazima ulenge. Na hadithi nyingine, kwamba mwizi akisikia tu unakoki atakimbia: anayeitegemea hiyo anunue kengele ya mlangoni, ni rahisi zaidi. Shotigani inataka mikono miwili. Bastola inakuachia mkono mmoja wa kushika tochi, simu ya kuita polisi, au mtoto.

Kuna meseji moja ambayo sitaipita. Kijana anayesoma chuo hapa, ananiita anko, ananiomba nimnunulie kwa jina langu kisha anirudishie hela, kwa sababu yeye ana viza ya masomo. Anko anajibu hadharani: hapana. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, haruhusiwi na sheria ya serikali kuu kununua wala kukaa na bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya kununua silaha, na moja ya maswali ya mwanzo kabisa ni kama wewe ndiye mnunuzi hasa. Kumnunulia mtu mwingine kwa kujificha, tangu sheria ya 2022, kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 15, na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grini kadi. Yaani nikose nchi, watoto wakose baba, kwa sababu mpwa wangu wa Facebook anataka kupiga picha? Fomu hiyo hiyo inauliza kuhusu bangi, na inakueleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo lako haibadilishi sheria ya serikali kuu. Someni kabla ya kutia sahihi. Na wenye majina yanayofanana na ya watu wengine wengi, akina Mohamed na akina Hassan, msishtuke mkiambiwa msubiri wakati rekodi zenu zinachunguzwa. Kuna namba maalumu inaitwa UPIN, unaiomba FBI mara moja na inapunguza usumbufu wa safari zinazofuata.

Sefu inanunuliwa kabla ya bunduki. Nasema kabla. Texas mtoto wa chini ya miaka 17 akiipata silaha yenye risasi kwa uzembe wako, ni kosa lako wewe, na akiifyatua akaumiza mtu vibaya kosa linapanda daraja. Juu ya kabati si sefu. Chini ya godoro si sefu. Mkoba wa mama ndiyo kabisa. Sefu ndogo ya namba, yenye vitufe ambavyo kidole kinavijua gizani, imefungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao na si kwenye jipsamu, inatosha. Ile ya .22 ya mashindano inalala kwenye sefu kubwa, risasi zake mbali nayo.

Na mnisamehe sasa nikihubiri, lakini nimewaona. Nimeona barbikyu ya Uhuru, chupa zimeshafunguliwa, mtu anatoa bastola kiunoni kuwaonyesha wenzake, na tangu 1 Septemba 2021 Texas hata kibali cha kuibeba wengi hawahitaji tena, basi kila mtu amejiona sherifu. Pombe na silaha havikai meza moja. Ugomvi wa ndoa na silaha havikai nyumba moja: kama ndani kwenu mnarushiana vyombo, usinunue. Kama moyo wako umekuwa mzito siku hizi, hulali, umechoka na maisha, usinunue, na kama unayo mpe mtu akutunzie mpaka upone. Kaka yenu hajali mkiniita mchungaji. Nimebeba jeneza moja hapa la mtu wa kwetu na sitaki la pili.

Mengine madogo. Masikio, vaeni kinga hata kwa .22, na renji ya ndani vaeni mbili, za ndani ya sikio na za juu. Mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kuna vumbi la risasi pale. Viatu vya renji visiingie sebuleni anakotambaa mtoto. Na mnaokwenda nyumbani Desemba, begi la renji lisiwe begi la safari. Likung'uteni, mpapase kila mfuko na kila mshono. Risasi moja ya .22 ni ndogo kuliko kipande cha chaki, inajificha, na hutaki kuanza kumweleza askari wa uwanja wa Julius Nyerere, saa nane usiku, ndugu zako wakikusubiri nje na keki, kwamba wewe ni mwanamichezo.