Jibu: Kuomba saa zaidi za kazi mtoto anapoanza shule

Habari, dada. Umeuliza utamwombaje mwajiri akuongezee saa, kwa kuwa unafanya kazi nusu siku na mwanao anaanza Gredi ya 1 mwezi wa Januari. Kabla ya yote, uliza shuleni mtoto atatoka saa ngapi. Mimi, nilipokuwa karani wa duka la jumla hapa Nakuru, niliomba kukaa hadi saa kumi na moja, kumbe wangu alikuwa akitoka saa saba unusu, na nyongeza karibu yote ikaishia kwa jirani aliyemtunza.

Andika barua mapema, kabla ratiba ya zamu za Januari haijapangwa, ukitaja siku na saa unazotaka, na hasa zile ambazo wateja hufurika. Ukimwona anasita, pendekeza mjaribu muhula mmoja.

Akikubali kwa mdomo, usiridhike. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakimlazimishi kukuongezea saa, lakini mkataba ukibadilika kinamtaka ashauriane nawe na kukujulisha kwa maandishi. Mimi sikudai karatasi hiyo, nikalipwa kwa saa za zamani miezi miwili.