Yoga kwenye mkeka wa fundi cherehani

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama yoga inaweza kumfaa mtu wa kawaida, mwili wake na akili yake, au ni mtindo wa wenye nafasi na fedha tu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa 24 sasa, na kati ya miaka hiyo sita ya mwisho nimekuwa nikifanya yoga karibu kila siku. Jibu langu ni kwamba inamfaa, tena sana, ila aanze na pumzi kabla ya kuhangaika na mikao. Mimi nilianza kinyume, na nikaumia.

Anayeshona huketi ameinama, kichwa kimetangulia mbele, mabega yamejikunja, macho hayabanduki kwenye sindano. Wiki mbili kabla ya Idi nilikuwa nikikaa hivyo saa 12 kwa siku au zaidi, na usiku kiuno kiliwaka moto hadi kwenye paja. Daktari alinipima, akaniambia hakuna kinachohitaji upasuaji, akaniandikia dawa za kutuliza maumivu na kunishauri nifanye mazoezi. Mwaka huohuo nilifiwa na mama yangu mzazi, na usingizi ukanihama kabisa. Saa nane za usiku nilikuwa macho, moyo unanienda mbio, nikihesabu madeni ya vitambaa na siku zilizobaki kabla ya wateja kuja kuchukua nguo zao.

Nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi. Wiki ya pili mwalimu alitutaka tusimamie mabega, miguu ikiwa juu, bila kumuuliza yeyote kati yetu habari za shingo wala mgongo wake. Kwa siku tatu sikuweza kugeuza kichwa. Niliacha, nikaamini kwamba mambo hayo si ya watu kama mimi, na ninajua wapo wasomaji walioishia hapo hapo.

Aliyenirudisha ni mteja wangu, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 71. Alikuja kuchukua blauzi zake za kuvalia sari, akaniona nikiinuka kitini kwa kushikilia meza. Aliniambia, “Mwanangu, wewe unapumua kwa mabega. Hebu weka mkono tumboni.” Niliuweka, na mkono haukusogea hata kidogo, kila nilipovuta pumzi, yaliyopanda yalikuwa mabega peke yake. Kwa mwezi mzima hakunifundisha mkao wowote zaidi ya kulala chali kwenye mkeka, magoti nimeyakunja, nikivuta pumzi kwa puani hadi tumbo liinuke kwa hesabu ya nne, kisha nikiitoa polepole kwa hesabu ya sita. Nilidhani ananipotezea wakati. Wiki ya tatu nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Baadaye nilitafuta kujua kwa nini. Moyo, utumbo na mishipa ya damu hufanya kazi bila kutuuliza, lakini upumuaji, ingawa nao hujiendesha wenyewe, tunaweza kuushika na kuuongoza tunavyotaka. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Tunapovuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na tunapoitoa hupungua, kwa hiyo anayerefusha kutoa pumzi na kushusha upumuaji wake hadi karibu mara sita kwa dakika anausaidia ule upande wa mishipa ya fahamu unaoupa mwili ishara ya kupumzika. Huzuni ya kufiwa haiondoki kwa pumzi, na sitaki mtu anielewe hivyo. Kinachopungua ni ule mshtuko wa mwili unaoifanya huzuni isilale, na mtu akilala anapata nguvu ya kuibeba kesho yake.

Wahenga wa India hawakuiona yoga kama mashindano ya kujikunja. Neno lenyewe latokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kufunga pamoja, kama ng'ombe wafungwavyo nira. Katika kauli za yoga za Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, ambazo ni takriban 196, zinazozungumzia mkao ni tatu tu, na ya kwanza yasema kwamba mkao uwe thabiti na wenye raha. Sehemu kubwa ya mikao migumu tunayoiona pichani leo ilipata umbo lake katika karne ya 20, hasa kwa mafunzo ya mwalimu wa yoga Tirumalai Krishnamacharya katika mji wa Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa shemeji yake, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kukua akiwa dhaifu, akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Ninampenda mwalimu huyu kwa sababu aliwafikiria wasioweza: alitumia viti, kamba, mablanketi na vipande vya mbao ili mkao umfuate mtu, badala ya mtu kulazimishwa kuufuata mkao.

Hapo ndipo linapojibiwa lile suala la fedha. Kamba yangu ni leso, yaani kanga. Ninalala chali, ninazungusha leso kwenye unyayo wa kulia, ninashika pindo zake kwa mikono miwili na kuuinua mguu hadi nihisi msuli wa nyuma ya paja ukivutika. Siuvuti kwa nguvu. Ninatulia pale kwa pumzi kumi, na mara nyingi kufikia pumzi ya saba mguu wenyewe husogea kidogo bila kusukumwa, kama uzi uliokuwa umekaza kisha ukaachiwa. Mkeka wangu ni wa ukindu, nao uliteleza sakafuni mpaka mwalimu wangu, yule bibi, aliponionyesha kutandika chini yake taulo lenye unyevu. Baada ya mguu hufuata mkao wa paka, nikiwa nimepiga magoti na viganja viko chini, mgongo ukipanda ninapotoa pumzi na kushuka ninapoivuta; kisha mkao wa swila, nikilala kifudifudi na kuinua kifua kidogo tu. Vyote hivyo ni dakika 20, baada ya swala ya alfajiri na kabla nyumba haijaamka.

Upande wa ushahidi, ningependa tuseme yaliyo kweli bila kuyakuza. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, kilitoa mwongozo unaosema kwamba maumivu ya kiuno ya muda mrefu yaanze kushughulikiwa bila dawa, na yoga ilitajwa humo pamoja na mazoezi mengine. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 12 yenye washiriki 1,080, yalionyesha kwamba waliofanya yoga waliweza kutumia migongo yao vizuri kiasi kuliko wasiofanya mazoezi yoyote, lakini hayakuthibitisha kwamba yoga inazidi mazoezi mengine ya mgongo. Kwangu hilo halikunivunja moyo. Anayependa kuogelea na aogelee. Mimi nilihitaji kitu kitakachoshika kiuno na usingizi kwa pamoja, ndani ya chumba ambamo meza ya kukatia vitambaa imechukua nusu ya nafasi.

Lipo jambo la dini, na wengi huniuliza kwa sauti ya chini. Mimi ni Mwislamu, na nilimuuliza ustadhi wetu kabla ya kuendelea. Alitaka kujua kama kuna maneno ninayotamkishwa au chochote ninachokiinamia. Nilimweleza kwamba ninahesabu pumzi tu, naye akaniruhusu. Wanavyuoni hawakusema kauli moja kuhusu hili: baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu mwaka 2008, baraza la maulamaa la Indonesia likakataza mwaka 2009 yoga iliyochanganywa na ibada huku likiiacha ile ya mazoezi ya mwili pekee, na Saudi Arabia ikaitambua kama mchezo mwaka 2017. Kwa mwalimu wangu mambo ni tofauti, kwani yeye hufunga macho na kutaja jina la Mungu wake, na kwake ni sehemu ya ibada. Mimi wakati huo hunyamaza. Hajawahi kunitaka nitamke, wala mimi sijawahi kumtaka aache, na heshima hiyo ninaithamini pengine kuliko kiuno kilichopona.

Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo wala kusimamia kichwa. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi. Mjamzito na mwenye mifupa iliyopungua nguvu waanze kwa mashauri ya daktari. Anayetumia dawa za presha, sukari au sonona asiziache kwa sababu amejisikia nafuu mkekani. Na mwalimu asiyekuuliza unaumwa wapi kabla ya kukugusa, muage uende zako.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu usiku wa leo, sogeza kiti, lala chali sakafuni na uipandishe miguu juu ya kiti, kuanzia magotini hadi visiginoni, hadi kiuno kihisi kimekaa sakafuni. Kunja leso uiweke chini ya kichwa, mkono mmoja uwe tumboni. Hesabu nne ukivuta pumzi, sita ukiitoa, kwa dakika kumi, na mawazo yakikuchukua rudi kwenye moja. Ukimaliza usiinuke ghafla. Geukia ubavu wa kulia kwanza, ukae hapo kidogo, kisha ujiinue kwa mikono.