Maswali na Majibu: Stesheni ya Mkono, na Unene Unaoumbua

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote ni za watu wanaojitengenezea wenyewe vitu vya pembeni mwa reli ya mfano: mapaa, matangi, taa, minazi. Tumejibu kwa kipimo cha 1:87, yaani HO (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli), isipokuwa pale tuliposema vingine.

Nina reli za mfano zenye upana wa mm 16.5. Nataka stesheni ya Reli ya Kati ya zamani. Majengo na watu niwapime kwa kipimo gani? (Tabora)

Reli ya mm 16.5 katika 1:87 inawakilisha reli ya mm 1,435, yaani ya SGR. Reli ya Kati ya zamani ni ya mita moja, na mita moja ukiigawa kwa 87 unapata mm 11.5. Kwa hiyo wanaotaka usahihi hulaza reli ya mm 12. Ukishikilia reli zako za mm 16.5 na bado unataka iwe mita moja kamili, itabidi kila kitu kiwe karibu 1:60, pamoja na vichwa vya treni na mabehewa, na hayo utayajenga mwenyewe kuanzia sifuri. Kwa Tazara, ambayo ni mm 1,067, hesabu inatoka karibu 1:65.

Ushauri wetu: kama mabehewa uliyonayo ni ya 1:87, baki hapohapo, hata reli ikionekana pana kidogo. Jicho husamehe upana wa reli. Mlango uliozidi kimo haliusamehe. Kata mtu wa kadi mwenye urefu wa mm 20, mweke mezani muda wote wa ujenzi. Mlango wa mita 2 ni mm 23. Mtu wako akiufikia mpini kwa kunyoosha mkono juu, umekosea.

Kingine, kabla ya kuchukua kifaa chochote, zidisha unene wake kwa 87. Njiti ya kiberiti ya mm 2 ni boriti ya sm 17: inafaa kuwa nguzo, haifai kuwa fremu ya dirisha. Uzi wa kushonea wa mm 0.25 ni kamba ya sm 2. Karatasi ya kawaida ya mm 0.1 ni ubao wa karibu sm 1. Kazi nyingi za mkono urefu na upana wake ni sahihi kabisa, ila unene ndio unaoziumbua.

Paa langu la bati nimelitengeneza kwa kadi ya boksi iliyochunwa, mawimbi yakiwa nje. Linaonekana kama vigae vya ajabu. Nifanyeje? (Voi)

Mawimbi ya kadi ya boksi yako mbalimbali mno. Kwenye bati la migongo midogo, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni mm 76. Gawa kwa 87, unapata mm 0.88. Chombo cha kupata mawimbi hayo kinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi: bolti ya M5 yenye meno urefu wote. Meno yake yameachana mm 0.8. Ya M6 yameachana mm 1, ambayo nayo inapita, ila M5 ndiyo iliyo karibu zaidi.

Chukua trei ya foili ya kubebea chakula, ile ngumu kidogo. Foili laini ya jikoni itachanika. Kata sehemu ya chini iliyo bapa na uifute kwa spiriti kuondoa mafuta. Ilaze juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwa mara mbili, weka bolti juu yake, kisha ibingirishe kwa kipande cha ubao huku ukikandamiza. Pitisha mara moja tu, na usirudi nyuma, kwa sababu meno hayataingia tena kwenye mistari yaliyoichora.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Meno ya bolti yanapanda kwa kuzunguka, kwa hiyo mistari itatoka imelala kama digrii 3. Ukikata kwa kufuata ukingo wa foili, kila bati litakuwa na mawimbi ya mshazari, na paa zima litaonekana limesukumwa na upepo. Kata kwa kufuata mistari yenyewe.

Kila bati liwe na urefu wa mm 28 (futi 8) na migongo 11, yaani karibu mm 9. Usiezeke paa kwa kipande kimoja kikubwa, maana uzuri wote wa bati uko kwenye maungio. Anza chini, panda juu. Pembeni bati lipandane kwa mgongo mmoja, na la juu lilalie la chini kwa mm 2. Gandisha kwa gundi ya viatu iliyopakwa kwa ncha ya njiti. Gundi nyeupe haishiki foili.

Rangi ya msingi ya chuma ni lazima, la sivyo utaibandua kwa ukucha. Kutu isiwe sawasawa: huanzia kwenye maungio na kwenye mistari ya misumari, kisha hushuka. Vumbi la tofali la kuchoma, lililosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa, linatoa kutu nzuri kuliko rangi yoyote ya kopo.

Lundo la makaa ya mawe pembeni mwa Garratt ya daraja la 59 liwe kubwa kiasi gani? (Nairobi)

Lisiwepo. Garratt hizo 34, vichwa vya treni vya mvuke, zilizojengwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, zilichoma mafuta mazito. Badala ya lundo weka tangi la mafuta la silinda, bomba la kujazia, na ardhi nyeusi inayong'aa kidogo pale mafuta yanapodondoka. Kama hujawahi kuiona, namba 5918, Mount Gelai, ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda na futi.

Nataka tangi la maji la kuinuliwa, lile la chuma lenye vipande vya mraba. Nianzie wapi? (Morogoro)

Matangi hayo yana sifa moja inayorahisisha kazi: yameunganishwa kwa vipande vya futi 4 kwa futi 4, na kila kimoja kwa kipimo chetu ni mm 14 kamili. Ukihesabu vipande kwenye picha, umeshapata vipimo vyote bila kumuuliza mtu. Tangi la vipande 3 kwa 2, lenye kimo cha kipande kimoja, ni mm 42 × 28 × 14, na lile halisi lingebeba karibu lita 10,900.

Tengeneza boksi la ndani kwa kadi ngumu, likiwa dogo kwa mm 1 kila upande. Kwa ngozi ya nje tumia kadi nyembamba ya mm 0.3. Chora miraba ya mm 14 upande wa nyuma, ndani ya kila mraba chora mraba mwingine ulioingia mm 1, kisha vuta mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ya huo mraba wa ndani. Laza kadi juu ya gazeti lililokunjwa, upite mistari yote kwa kalamu ya bolpeni iliyoisha wino. Ukigeuza, utaona mikunjo imechomoza kama kwenye chuma kilichopigwa.

Bolti za maungio: chomoa nukta kwa sindano butu kutoka nyuma, moja kila mm 1.5, bila kutoboa. Zile za kweli ziko karibu zaidi, lakini ukizibana hivyo kadi itachanika kama stempu. Maungio yenyewe yanatokeza nje. Gandisha vipande vya karatasi vya upana wa mm 0.7 vilivyosimama kwa ubavu. Kazi hii inachosha na hakuna njia ya mkato tunayoifahamu.

Miguu ndiyo inayowashinda watu, maana hutumia njiti na tangi likaonekana limekaa juu ya magogo. Kata karatasi ya kawaida vipande vya upana wa mm 3, pitisha bolpeni kavu katikati dhidi ya rula ya chuma, kunja iwe umbo la L, halafu ilishe supaglu mpaka ilowe. Ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki, na unaweza hata kuipiga msasa. Fanya kazi hiyo juu ya mfuko wa plastiki, dirisha likiwa wazi. Miguu ya mita 6 ni mm 69. Mishazari ya kati iwe waya wa mm 0.3, na usiache ikapita nje ya miguu.

Ndani mimina rangi nyeusi, siyo bluu. Maji ya tangi lililofunikwa nusu ni giza tu.

Minazi yangu ina urefu wa sm 9 na bado watu wanauliza kama ni mananasi. (Tanga)

Sm 9 ni mita 7.8, mnazi mchanga. Mnazi mkubwa wa mita 20 ni sm 23. Watu huogopa kuufikisha huko kwa sababu utapita paa la stesheni mara tatu, lakini ndivyo minazi ilivyo.

Shina: waya wa umeme wa shaba wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa uzi mmoja, una kipenyo cha karibu mm 1.8. Uzungushie utepe wa karatasi wa wapaka rangi mpaka ufike mm 3.3, na chini kabisa mm 5, kwani mnazi una tako. Pinda kidogo chini, kisha unyooke. Rangi ni kijivu, kahawia inauharibu.

Makuti 25 hadi 30, kila moja la mm 57. Kata karatasi iliyopakwa rangi pande zote mbili, upana mm 12, ikunje kwa urefu na uweke unywele mmoja wa shaba katikati kwa gundi nyeupe. Ikikauka, chonga ncha, kisha kata nyuzi kwa mkasi mkali kila mm 1, zikielekea nchani. Zikielekea shinani utapata unyoya wa kuku aliyenyeshewa. Makuti machanga yasimame, ya kati yalale, na matatu manne ya chini yawe makavu yananing'inia. Nazi na makumbi yake ni mm 3: tumia punje ndogo za mtama. Zipake vanishi mwanzo, maana wadudu hawajui kuwa ni nazi.

Nimepuliza rangi ya kopo kwenye mlima wa povu jeupe la kufungia friji, ukayeyuka. (Kisumu)

Vimumunyisho vya rangi hiyo hula povu hilo. Lifunike kwanza kwa tabaka mbili za karatasi ya chooni na gundi nyeupe, acha ikauke siku nzima, kisha tumia rangi ya maji. Gundi ya viatu na supaglu nazo zitalila, kwa hiyo usipandie nguzo kwa gundi hizo.

Taa sita za LED kwenye jukwaa zimeungua kwa pamoja nilipowasha adapta ya volti 12. Nilizifunga sambamba. (Dodoma)

LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, nawe umeipa 12. Kila taa iwe na rezista yake: 12 toa 3 ni 9, na 9 kwa omu 1,000 ni miliampea 9. Rezista moja kwa taa zote sita haisaidii, kwa sababu LED hazilingani. Ile inayowaka kwa volti ndogo zaidi itavuta umeme mwingi, ife, kisha mzigo uhamie kwa nyingine.

Hata hivyo miliampea 9 ni mwanga wa uwanja wa mpira. Kwa stesheni ya enzi ya taa za mafuta weka omu 4,700, upate karibu miliampea 2, na LED iwe ya mwanga wa manjano. Nguzo ya taa ya mita 5 ni mm 57. Tumia waya wa chuma wa mm 1, na nguzo hiyohiyo iwe upande hasi. Upande chanya upite kwenye waya wa shaba wenye vanishi wa mm 0.2 kutoka kwenye transfoma iliyokufa, ulioshikizwa nyuma ya nguzo. Kwangua vanishi kabla ya kulehemu, la sivyo lehemu itakaa juu bila kugusa shaba na utailaumu LED.

Mchanga wa ufukweni unafaa kuwa kokoto za reli? (Dar es Salaam)

Kwa shida. Kokoto za mm 25 hadi 60 kwa kipimo chetu ni mm 0.3 hadi 0.7. Chekecha kwa chujio la chai, chukua kilichopita, kisha kipitishe kwenye soksi ya nailoni na ubaki na kile kilichogoma. Mchanga wa pwani una chumvi, nayo huvuta unyevu na kula reli za chuma, kwa hiyo uoshe kwa maji baridi mara nne. Pia ni mweupe mno. Mchanga wa mtoni ni bora.

Wowote utakaochagua, pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Punje nyeusi zitakazonasa zina chuma, na ukiziacha zitarukia mota ya kichwa cha treni na kuisaga. Kwenye baadhi ya michanga utashangaa wingi wake.

Tandaza pakavu, sawazisha kwa brashi, nyunyiza maji, halafu dondosha kwa bomba la sindano gundi nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 2, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi inajikusanya kuwa vidonge na kuubeba mchanga. Kwenye ulimi wa kubadilishia njia usitie gundi kabisa. Pale paka rangi ya kokoto tu, kwa brashi karibu kavu.